Mwandiko Mzuri

Maabara, Soroti: betri moja, wanafunzi sita.
"Asekenye, una mwandiko mzuri, wewe andika,"
wakasema, na wavulana wakashika waya.

Hata mimi niliandika, miaka minne.
Daftari langu likasifiwa mpaka ofisini
na sikujua skrubu hukazwa upande gani.
Nilikuja kujifunza ukubwani, juu ya nguzo,
mafundi wakinicheka kutoka chini.

Kesho, mpwa wangu, mpe Okiror kalamu.
Hati yake ni kuku kaparura majivu, najua;
mwalimu atajikaza.
Wewe shika waya.
Taa isipowaka, kaza viungo.
Isipowaka tena, kwangua kutu, jaribu.
Ikikataa kabisa
usiseme sayansi imekukataa:
sema balbu imeungua, kaombe nyingine.