Vibati vya Valji

Kumi na vitatu nilivipata kwa kununua.
Kimoja kilikuwa washa ya bomba,
kimoja kilining'inia shingoni mwa mbuzi, Chumbageni,
kimoja Fundi Semboja alikiweka chini ya mguu wa cherehani
isiyumbe.
Nikampa kipande cha mbao, tukaachana kwa amani.

Bati la debe la mafuta, limekatwa kwa mkasi,
tundu katikati, herufi mbili za msumari: V.H.,
na chini, kwa mkono wa mtu mwenye haraka,
nusu kibaba.
Duka la Valji Hirji, Ngamiani, barabara ya tatu,
mwaka ule manowari zilipofunga bahari
na hela zikatoweka kama zimeitwa.
Wenye nazo walizifukia, hata wake zao hawakuambiwa wapi.
Ukija na rupia kununua chumvi, chenji hakuna.
Valji akachukua mkasi.
"Hiki ni neno langu," akasema. "Rudi nacho."

Mimi nilivisugua kwa ndimu, nikavipima kwa mizani ya sonara,
nikaandika daftarini: gramu mbili na robo, ukingo umepinda.
Sikujiuliza hata siku moja
kwa nini hawakurudi navyo.

Cha kumi na nne alikileta Bi Mwantumu wa Duga
kwenye pindo la kanga, fundo gumu,
tukalifungua kwa meno ya uma.
Nikamtajia bei. Nzuri, nilidhani.
Akanitazama kama nimemkanyaga.

"Sikuja kuuza. Mama yangu alitumwa chumvi,
akarudi na hiki, akachapwa.
Kesho yake duka limepigwa misumari.
Nasikia wewe ndiye unayevikusanya.
Basi nipe chumvi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.
Ikabidi nivae viatu.

Kwa Mpemba wa kona hakuna kibaba siku hizi, kuna pakiti.
Tukakadiria kwa kikombe cha chai.
Akamimina kidogo kiganjani, akaonja.
"Mama alisema ile ilikuwa na mchanga."
Kibati akakiacha juu ya kaunta,
akaondoka bila kukitupia jicho.

Daftarini sikuandika uzito wake.
Niliandika: kimelipwa.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye, usiku.
Pale dukani Mpemba alikuwa ananisubiri,
mkono kwenye rafu.
"Moja tu, bwana?"
Nikaanza kuhesabu.