Kisanduku cha Maoni

Waliniambia: usisome, hesabu tu.
Karatasi kumi na moja, bila majina,
ndani ya boksi tupu la tende,
Chama cha Wapima Ardhi, Ruwi, ghorofa ya tatu.

Nikasoma.

"Miaka 7, mshahara uleule.
Chama hakitafuti faida, nasi hatujaipata."
Zuwena wa hesabu. Saba yake huikata kiuno.

"Mwanachama akishalipa ada ya rial ishirini
hudhani amenunua na simu yangu ya usiku."
Hapa hata mwandiko sikuutazama: Ghalib.

"Saa nane na nusu niko nyumbani,
nakula na wanangu sahani moja.
Lipunguzeni jingine lolote, hili msiliguse."

"Mkurugenzi ni mtu mwema mno.
Tatizo ndilo hilo."
Huyu sikumtambua. Au sikutaka.

"Kiyoyozi." Basi, neno moja,
limekandamizwa hadi karatasi ikatoboka.

Kurian akaingia na dele la kahawa.
Miaka kumi na tisa anatuchemshia,
amewazika kwa maneno mazuri marais watano wa chama,
na jina lake halimo kwenye orodha
kwa kuwa analipwa na kampuni ya usafi.
Akauliza, kwa Kiarabu chake cha sokoni:
"Mimi, sina maoni?"

Nikampa karatasi yangu.
Aliandika kwa Kimalayalam, pande zote mbili,
akaomba na nyingine.

Kwenye ripoti nimejaza:
watumishi kumi na wawili,
waliojibu kumi na wawili.
Nimehesabu tu, kama nilivyoambiwa.
Na sasa natafuta Ruwi nzima
mtu wa kunisomea.