Sahihi ya Baba

Fomu ilikuwa ya manjano, kurasa mbili,
na swali la tano liliuliza mapato ya kaya kwa wiki.
Baba aliisoma amesimama, kofia kichwani,
akaikunja mara nne, akaisukuma chini ya saa
pale tulipoweka vitu visivyo na jibu.
"Watoto wa Emlyn Prosser," akasema, "hawali cha bure."
Akatoka nje kuchimba viazi.

Mgodi ulikuwa umefungwa tangu Machi.
Bonde zima lilikuwa likijifunza
kuamka bila king'ora.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na mwandiko mzuri.
Sahihi yake niliijua kwenye ripoti za shule:
E yenye tumbo, kisha mstari unaoteremka
kama mtu anayeshuka ngazi gizani.
Niliijaribu mara ishirini pembeni mwa gazeti,
gazeti nikalitia motoni,
kisha nikaishusha kwenye fomu bila kutetemeka.
Swali la tano nililijibu kwa kuhesabu sarafu za kopo.

Tiketi za waliolipa zilikuwa nyeupe.
Zetu, buluu. Nani aliamua hivyo sijui,
labda mtu aliyeshiba.
Ukisimama foleni na buluu kiganjani
unajifunza mapema kukunja ngumi
na kuifungua mbele ya Bi Bowen tu,
naye Bi Bowen alikuwa na namna ya kuichukua
kana kwamba wewe ndiye unayemkopesha.

Nitakwambia nilikula nini, maana sijasahau:
viazi vya kuponda vyenye kisima cha mchuzi katikati,
soseji mbili, ngozi imepasuka,
njegere zinazokimbia uma,
na keki ya mvuke chini ya kastadi
nzito, kijiko kinasimama chenyewe.
Gethin Rees aliniita ombaomba.
Nilimtazama nikitafuna.
Njaa haina soni, wanasema;
shibe nayo ina subira.

Jioni nyumbani nilisema sina njaa sana
na Ifor, mdogo wangu, akapata kipande changu.
Baba alinitazama juu ya ukingo wa kikombe.
"Unanenepa, Nerys."
"Nakua," nikasema.
Mama aligeukia sinki, akafungulia maji
ingawa hapakuwa na chombo cha kuosha.
Ukila na kipofu usimguse mkono:
nilikuwa nimeuelewa usemi huo usiku ule,
ila hadi leo sijui
nani mezani pale alikuwa kipofu.

Septemba iliyofuata fomu ilikuja tena.
Niliikuta mezani, imenyooshwa,
imebanwa kwa chupa ya chumvi isipeperuke.
Swali la tano lilikwisha kujibiwa
kwa penseli, tarakimu ndogo, ndogo sana,
kama za mtu anayenong'ona.
Nafasi ya sahihi ilikuwa wazi.
Kalamu ililala juu yake, kifuniko kimevuliwa,
na nje ya dirisha mgongo wa baba
ulikuwa umeinama kwenye viazi
ambavyo tulishavichimba vyote
wiki iliyotangulia.