Chema Hakikujiuza

Wahenga walisema chema chajiuza,
kibaya chajitembeza.
Basi Roswitha Kübler, na sanduku lake la kijivu,
alikuwa akitembeza nini miaka mitatu
kutoka Tuttlingen hadi Ulm, Ulm hadi Kassel,
theluji ikimwingia viatuni?

Mkanda tu. Mwembamba kama utepe wa zawadi,
wa kuvishwa kifuani mwa mtoto njiti
aliyezaliwa na uzito wa mkate,
ambaye usiku husahau kupumua.
Akisahau, mkanda humwita muuguzi.
Ni hilo tu.

Profesa alisoma karatasi, kalamu mkononi.
"Watoto arobaini," alisema, "ni hadithi.
Niletee mia nne, ndipo tuongee."
Hakumtukana. Hata kahawa alimmiminia.
Mhasibu wa manunuzi aliuliza bei,
akaiuliza tena, kana kwamba mara ya pili
bei ingeona haya.

Lakini Roswitha aliwahi kuvaa sare, miaka kumi na tisa;
alijua jambo ambalo vipeperushi havilijui:
wodi ni nyumba ya watu,
na mgeni wa kudumu huingilia mlango wa jikoni.
Hakuomba ukumbi wa mkutano. Aliomba kiti.
Akakesha.

Saa tisa usiku mkanda ulilia.
Hakuna aliyeinua kichwa.
Mashine ya zamani ilipolia, nyuma kwa pumzi kumi,
ndipo Mirjana alipokimbia,
akamsugua mtoto unyayo
mpaka kifua kikakumbuka kazi yake.

"Mkanda wako," alisema akinawa mikono,
"unalia kama mlango wa lifti.
Masikio yetu yameshauzoea."

Sentensi moja. Roswitha aliiandika nyuma ya tiketi ya treni,
akaipeleka kiwandani kama mtu aliyebeba yai.
Eberhard, aliyeutunga mlio ule, alinuna wiki nzima;
mtoto wa mtu hasemwi.
Kisha akaushusha, akauvunja vipande vitatu,
kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja.

Wakahesabiwa watoto mia nne, mmoja mmoja,
na waliokufa nao wakahesabiwa,
maana karatasi inayowaficha haimfai mtu.
Profesa akasoma siku tisa, akatia sahihi.
Mhasibu akanunua sita, kwa majaribio, akiguna.

Februari simu ikalia. Mirjana, mkali:
"Mkanda mmoja haupo!
Tumepekua kila droo.
Wa ghorofa ya nne wanaapa hawajauona,
lakini nimesimama ngazini
nikausikia ukibisha hodi."

Roswitha alikuwa stesheni ya Ulm, andazi mkononi.
Alicheka mpaka abiria wa pembeni akahamisha mkoba wake.

Wahenga mniwie radhi, chema hakikujiuza.
Kilitembezwa, kikanuniwa, kikasutwa mlio wake,
kikarudi kwao kufunzwa adabu,
na siku yake ilipofika
kikaibwa.