Karatasi ya Pili

Walinijia mimi kwa sababu ya mwandiko.
Meza yangu iko ubavuni mwa mahakama ya kadhi:
taipureta moja, muhuri usio na kazi,
na kiti cha mteja kilichofungwa waya mguuni.

Meneja wa hoteli kule Shanzu, Mzungu,
alimwita Mwachiru nyani.
Mbele ya wageni. Kwa ajili ya kijiko.
Mji ukachemka.
Kufikia adhuhuri Marikiti kumejaa mabango,
kufikia alasiri hata muuza viazi karai ana hotuba.
Nami nikaandika. Ah, niliandika!
"Sisi wakazi wa Mombasa,
tuliotukanwa sote katika mtu mmoja..."
Nikazipiga herufi mpaka utepe ukatoboka.

Wa kwanza kutia saini alikuwa ami yangu, Mzee Shali,
kwa wino wa kijani,
kalamu kaikandamiza kama anayechinja.
"Utu," akasema, "utu hauna rangi."

Mfungo Sita, sebuleni kwake, Kuze,
tulipokea posa ya mwanawe, Rahmia.
Kijana ni Ngowa, fundi wa mashine za barafu,
Mgiriama wa Jomvu, swala tano,
mahari i mfukoni kabla hajaulizwa.
Ami hakuinua sauti.
Alingoja wajumbe watoke,
akaupuliza mvuke wa kahawa, akasema:
"Sisi hatuozi mnyika."
Na nyuma ya pazia shangazi akaongeza:
"Na nywele zile! Wajukuu tutawachana kwa reki?"

Tukacheka.
Nasema "tukacheka" kwa kuwa mimi ndimi
niliyekuwa nikipitisha sahani ya kaimati,
na sahani haikutikisika.
Kijana alikuwa bado mlangoni, akivaa viatu.
Hakuna aliyechora bango.
Ulikuwa mzaha. Ilikuwa mila. Ilikuwa ndani ya nyumba.

Juzi binti yangu Batuli karudi na daftari.
*Kamilisha methali: Baniani mbaya...*
Kakamilisha, katiwa tiki nyekundu.
Dawati moja naye hukaa Hansa, binti wa muuza kufuli.
"Na Hansa," nikauliza, "yeye alijibu nini?"
"Vile vile. Hansa hupata zote."

Baba yake Hansa, gunia likitakiwa lorini,
huita "Boi!"
na anayegeuka ni mtu wa miaka sitini.
Naye pia alikuja kutia saini,
hati safi, yenye mkia mrefu.

Mizani yetu ya matusi ni ya yule muuza pweza:
kidole chake kipo chini ya sahani,
nasi twakijua, na bado twanunua.

Majina mia mbili na kumi na moja.
Nilikuwa nafunika mashine alipokuja Ngowa.
Aliifuta grisi ya mikono kwenye suruali kwanza.
Aliisoma barua yote, midomo ikicheza,
kisha akashuka na majina, kidole polepole,
mpaka kwenye wino wa kijani.
Kidole kikakaa hapo.
Nikajitafutia shughuli ndani ya droo.

Akatia saini, chini kabisa, ndogo,
maana Mwachiru alitukanwa kweli.
Kisha akaniuliza, bila ukali,
kama mtu aulizaye bei ya stempu:
"Ile nyingine iko wapi?"
"Ipi?"
Akanitazama.
"Kumbe haijaandikwa," akasema, akenda zake.

Karatasi i ndani ya mashine tangu jana.
Nimepiga neno moja, *Sisi*,
na vidole havijakubaliana juu ya la pili.

Asubuhi ami kaniletea kaimati, shukrani ya barua,
kwenye sahani ile ile yenye ufa.
Nzi wamezianza.
Sijala.
Wala sijasema kwamba sitakula.