Konde

Siku ya gulio pale Makere
nilikuwa na bendera mia mbili za kupinda,
za chama kimoja hadi saa sita,
za chama kingine baada ya ugali.
Cherehani haina mgombea.

Nizeyimana akaja kutoka kambini
na kipande cha turubai kilichochakaa.
"Nitolee mikoba miwili, mmoja wa shule."

Mpwa wangu Bitariho, yuko likizo,
kajilaza juu ya marobota na kamusi yake ya Kiingereza
nzito kama tofali la kuchoma.
"Shangazi, hii kampeni yako
kumbe ni shamba tu."

Shamba?

"Kwa Warumi wa kale. Konde wazi, tambarare.
Majeshi yalijikunyata mjini majira ya baridi,
jua likiwaka yakatoka kondeni kuuana:
ndiyo kampeni.
Yakapiga mahema usiku: ndiyo kambi.
Aliyebaki wima wakamwita chempioni.
Halafu wasomi wakajenga madarasa juu yake,
na hapo kampasi ndipo mimi ninapodaiwa ada."

Mimi nilicheka. Nizeyimana hakucheka.
Alihesabu kwa vidole, polepole.
"Basi mwaka wa tisa huu nalala kondeni,
na ng'ambo ya barabara
siruhusiwi kupanda hata shina la mhogo."

Mashine ikakata uzi. Au niliukata mimi.

Nilikumbuka lile konde la mama, bondeni,
walivyolisawazisha ili helikopta itue.
Mheshimiwa alihutubia dakika kumi na moja:
kambi yetu imara, kambi yao imesambaratika.
Vumbi lilipotulia mama aliinama
kuokota maharage yaliyopasukia ardhini,
akipuliza moja moja.

Bitariho aliendelea kufunua kurasa.
Sikumwambia kwamba hili letu halina haja ya Warumi:
konde la kulima,
konde la kukunja vidole.
Msimu wa kupanda mama alishuka bondeni
amefumbata mbegu, mkono umekaza,
na kwa mbali ungeapa
anakwenda kumpiga mtu.

Mkoba wa shule niliupa mfuko wa ndani,
kwa uzi uliosalia wa bendera.
"Sina hela," alisema Nizeyimana,
akaninyooshea ngumi.

Nikakinga viganja.
Maharage ya mgawo, yenye joto la mkono wake.