Mraba wa Barabara ya Kumi na Mbili

Alikuja saa kumi na moja, Mwalimu Mwantumu,
na kaunta buku lililovimba kwa unyevu wa mkoba.
Kaka Mbwana, akauliza, wewe huchapa mishale?
Nikasema mimi nachapa kila kitu:
wasifu wa kazi, mikataba ya viwanja,
kadi za harusi zenye maua ya pembeni,
barua za kumwomba radhi mwajiri.
Mshale ni nini? Si mstari na kichwa?

Kumbe.

Mshale wa kwanza ulinila usiku mzima.
Programu yake haina kalamu, haitaki kuburutwa;
unaiandikia barua, nayo ndiyo inachora.
Unaanza na mkwaju ulioinamia kisogoni
(hauzai ukwaju huu, ungezaa ningeuza juisi),
unafungua mabano yenye masharubu,
unasema kulia, unasema chini, unataja jina,
unafunga.
Usipofunga, hupati mchoro,
unapata lawama za mistari arobaini
zisizosema kosa liko wapi,
zinasema tu lilipoonekana,
kama mtaa unavyosema.

Saa tano luku ikakata.
Nikabaki gizani na mraba kichwani:
A juu, B kuliani kwake, C na D chini yao,
na kutoka A kwenda D, njia mbili.
Hisabati hiyo siijui, mimi niliishia kidato cha nne
kwenye pembetatu.
Lakini Ngamiani naijua.
Walioipanga walishika rula;
barabara zake nyingi ni namba tu.
Toka hapa dukani, shuka kwanza ndipo ukate kulia,
au kata kulia ndipo ushuke,
msikiti ni ule ule,
muuza mihogo ni yule yule, na deni langu kwake ni lile lile.
Nikacheka peke yangu.

Asubuhi nikamwambia, nimekuelewa: njia mbili, mwisho mmoja.
Hakucheka.
Si kila mraba hupatana, Mbwana.
Osha mchele ndipo upike; kisha siku nyingine
pika ndipo uoshe,
uje unieleze kama ni wali ule ule.
Kuchora mshale ni bure. Kupatana kunathibitishwa.

Ukurasa wa thelathini na moja alitaka mshale wa nukta nukta
ukate kati, kona hadi kona.
Hii njia ya panya, nikasema.
Akaushika mchoro kwa kidole kilichojaa chaki.
Hii ndiyo tasnifu. Miaka mitatu.
Mishale mingine nilipewa, huu niliutafuta.
Nukta zake zinasema: upo, na ni mmoja tu.

Nilizipanga zile nukta kama mtu anayehesabu pesa za msiba.

Kisha, ukurasa wa arobaini na nne,
mshale ule ule, jina lile lile,
kichwa kikatazama kushoto.
Nikarudi ukurasa wa kumi na mbili: kulia.
Nikafungua kaunta buku, huenda nimekosea mimi.
Sikukosea.
Waja leo waondoka leo, husemwa Tanga,
lakini mshale mmoja, nilidhani,
ama waja, ama waondoka.
Nikampigia saa nne usiku, naona haya,
fundi wa kadi za harusi kumsahihisha mwalimu.
Simu ikanyamaza kwa muda mrefu. Nikasikia karatasi,
mtoto akilia, karatasi tena.
Usichape, akasema. Usichape kitu.

Siku tisa hakuonekana.
Alipokuja alikuwa na kurasa sita mpya
na macho ya mtu aliyelala jana tu.
Njia ya mwongo fupi, akasema, ile ya kwanza ilikuwa fupi mno.
Nukta nukta bado zimo, ila zinaanzia kona nyingine.

Bei? Nilikuwa nimehesabu mishale mia moja na kumi na miwili.
Nikamtoza kurasa.

Mwisho akaniletea shukrani, kwa mkono, mistari minane:
msimamizi, mama yake, mtoto,
halafu jina langu, limekosewa herufi moja.
Nikaichapa ilivyo.
Nikaitazama.
Nikarudi nikairekebisha,
nikafunga mabano.